Kasiba Iliyolika: Bunduki ya Nyumba Moja ya Muaither na Habari Inayoitoa

Katika nyumba nyingi za watu wetu waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa wakaja kukaa Ghuba, kuna kitu cha chuma kilichotundikwa ukutani au kulazwa kabatini: jambia, upanga, au bunduki kongwe isiyopigwa tena. Kila kimoja kina hadithi yake, na mara nyingi hadithi yenyewe ndiyo iliyohifadhiwa vizuri kuliko chuma. Makala hii inahusu bunduki moja ya namna hiyo, iliyopo katika nyumba yetu ya Muaither, na hasa inahusu kasiba yake. Kasiba hiyo imelika, na sisi wajukuu na vitukuu tulitakiwa tuamue kama ifanywe upya au iachwe kama ilivyo.

Fundi wa silaha tuliyemwonyesha alikuwa na rai iliyo wazi. Angeipekecha kasiba ndani, aondoe chuma kilicholiwa na kutu, kisha atie bomba jipya lenye mifuo mipya, yaani ile mifereji myembamba inayozunguka ndani na kuizungusha risasi inapotoka. Nje angeisugua yote, aipake weusi upya, na bunduki ingeonekana kama imetoka kiwandani jana. Vijana wa nyumba waliipenda rai hiyo, kwani walitaka bunduki itoke kabatini, ishikwe katika arusi na katika ardha. Wazee walisita. Ami yetu mkubwa hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba karatasi ya zamani haifutwi kabla haijasomwa, na kwamba kasiba nayo ni karatasi.

Basi tukaanza kuisoma. Tuliyoyaona tunayaandika hapa kwa sababu tunajua familia nyingine zinakabiliwa na shauri hilihili, na kwa sababu kasiba yetu imetulazimisha kuisimulia upya sehemu ya historia yetu wenyewe.

Maneno ya bunduki

Tuanze na maneno, maana nayo yanalika. Kijana wa leo anajua bunduki, risasi na baruti. Wazee wetu walikuwa na zaidi. Bomba la bunduki waliliita kasiba, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwanzi au bomba. Wengine wakasema mtutu. Fimbo ya kushindilia na kusafishia ni mdeki. Bunduki ya zamani kabisa, inayowashwa kwa utambi unaofuka moto, ni bunduki ya mrao; Waarabu wa Omani huiita abu fatila, nao pia wakiutaja utambi. Inayowashwa kwa jiwe ni ya gumegume. Iliyokuja baadaye, yenye kigae kidogo cha shaba kinachopasuka, ni ya fataki. Na ile inayofunguliwa nyuma, ikatiwa ganda lenye baruti na risasi pamoja, waliiita bunduki ya viasi. Gobore ni jina la jumla la bunduki ya kushindiliwa kwa mbele, na kwa watu wa bara jina hilo lingali hai.

Neno bunduki lenyewe lina safari ndefu. Kwa Kiarabu bunduqiyya ni jina la silaha na pia ni jina la mji wa Venice, na risasi imetokana na rasas, madini laini ambayo ilitengenezwa kwayo. Kwa hiyo mtoto wa Mnazi Mmoja aliyeitamka bunduki ya babu yake alikuwa tayari anataja bahari mbili.

Yetu ni bunduki ya viasi, aina ya Martini-Henry, iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1871. Waarabu wa Ghuba wanaijua kwa jina la sam'a. Chini yake mna mkono wa chuma. Ukiushusha, kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya kasiba kinainama, unatia kiasi kimoja, unaupandisha, tayari kwa kupigwa. Kasiba ina urefu wa sentimita 84 hivi, upana wa ndani wa milimita 11.4, na mifuo saba inayofanya mzunguko mmoja kwa kila sentimita 56. Ilirusha risasi ya gramu 31 kwa baruti nyeusi ya gramu tano na nusu. Aliyeipiga aliujua uzito wake begani.

Muaither na jirani zake

Muaither ni mtaa wa manispaa ya Al Rayyan, magharibi ya Doha. Leo ni nyumba, misikiti, maduka na barabara pana. Karibu yake ipo Al Wajbah na ngome yake, na hapo ndipo mahali ambapo historia ya Qatar na historia ya bunduki za aina hii zinakutana. Mwezi wa Machi 1893, Mehmed Hafiz Pasha, liwali wa Basra, alitoka na askari wa Dola ya Uthmania kwenda kumtiisha Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani. Wakapigana huko Wajbah, askari wa dola wakashindwa, wakarudi nyuma hadi ngome yao ya Doha.

Tunaitaja vita hiyo kwa sababu ya kosa linalofanyika mara nyingi. Mtu akiona Martini katika nyumba ya Ghuba husema ni ya Waingereza. Lakini Dola ya Uthmania nayo iliagiza bunduki za namna hiyo kwa mamia ya maelfu katika miaka ya 1870, kutoka kiwanda cha Providence, Marekani. Kwa sura zinafanana, ila viasi vyake haviingiliani. Iliyo ya Uthmania ina tughra ya sultani ubavuni. Iliyo ya serikali ya Uingereza ina taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda na mwaka. Iliyotengenezwa kwa wafanyabiashara wa Birmingham au Liège ina alama za majaribio za miji hiyo. Na zile zilizofuliwa na mafundi wa mpaka wa Afghanistan kwa kuigiza za Waingereza hujulikana kwa herufi zilizokosewa, kama N iliyogeuzwa. Kwa hiyo aliye na bunduki ya babu asome ubavu kabla ya kusimulia.

Ubavu wa yetu una taji, V.R., neno Enfield, mwaka 1881 na alama ya toleo la tatu. Karibu yake kuna mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Miwili ikikutana hivyo, maana yake serikali imeiuza, si mali yake tena.

Njia ya silaha: Unguja, kisha Maskati

Hadithi tuliyolelewa nayo ilikuwa fupi na tamu. Bunduki ilikuwa ya babu wa babu yetu, aliishika Unguja zama za Sayyid Barghash, akaenda nayo bara hadi Tabora, na ndiyo mali pekee iliyotoka Unguja na watu wetu baada ya Januari 1964. Tuliisikia hivyo arusini na matangani, na hakuna aliyeuliza.

Hadithi hiyo haikosi msingi. Katika miaka ya 1880 Unguja ilikuwa bandari kubwa ya silaha. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha bunduki zao kila baada ya miaka michache, na zile zilizoachwa zilitafuta soko. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 huingia Afrika kwa mwaka kupitia pwani hii. Zilikwenda na misafara hadi Unyanyembe, Ujiji na Manyema. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anasema jina lake la Tippu Tip alipewa kwa mlio wa bunduki zake. Buganda nako, Kabaka Mutesa alimtumia Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa fundi wa mitambo, kumtengenezea bunduki zilizoharibika. Katika nchi ambazo silaha mpya ilikuwa mbali, fundi wa kutengeneza kuukuu alikuwa mtu wa thamani.

Lazima tuseme pia bunduki hizo zilifanya nini. Zilinunuliwa kwa pembe na zilikwenda kutafuta pembe, na pamoja na pembe watu walikamatwa, wakafungwa na kuteremshwa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini bara kazi hiyo haikusimama siku hiyo. Sisi tuliokuwa tukijigamba kwamba bunduki yetu ilifika Tabora, hatukuwa tukifikiri tunajigamba kwa kitu gani. Msomaji ambaye nyanya yake aliletwa pwani kwa njia hiyo angeisikia hadithi yetu kwa sikio jingine, na wasomaji hao wamo katika nyumba zetu wenyewe.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha: bunduki zenye mifuo na za kisasa zikazuiwa kuingia katika Afrika baina ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini. Unguja na pwani yake yote ilikuwa ndani ya mstari huo. Maskati ilikuwa nje yake. Hapo biashara ikahama. Wafaransa walikuwa na haki za kibiashara kwa mkataba waliowekeana na Sayyid Said mwaka 1844, na tangu 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kuheshimu uhuru wa Maskati na wa Unguja, kwa hiyo Waingereza hawakuweza kuifunga bandari wapendavyo. Mfanyabiashara Mfaransa Goguyer akaweka duka lake Maskati, na hakuwa peke yake. Majahazi yalibeba bunduki kwenda Makran, na huko zikapanda hadi Afghanistan. Nyingine zikaingia bara la Omani na pwani ya Ghuba. Msako wa manowari za Uingereza ulikuwa mkali. Mwezi wa Desemba 1910 askari wa manowari Hyacinth waliteremka Dubai kutafuta silaha, mapigano yakazuka na watu wa mji wakauawa. Mwaka 1912 Sayyid Faisal bin Turki alikubali kufungua ghala moja la silaha chini ya usimamizi, na biashara ile kubwa ikafa. Mwaka uliofuata makabila ya bara yalimchagua Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi na kusimama dhidi ya Maskati. Zuio la silaha lilikuwa moja ya malalamiko yao.

Sasa turudi kwenye ubavu wa bunduki yetu. Ilitengenezwa mwaka 1881. Ilitumika katika jeshi la Uingereza kabla ya kuuzwa, na jeshi hilo lilianza kuziacha Martini lilipoingiza bunduki ya Lee-Metford mwaka 1888. Sayyid Barghash alifariki mwezi wa Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo ni vigumu sana bunduki hii kuwa ilishikwa Unguja zama zake. Ilipoanza kuuzwa, mlango wa Unguja ulikuwa unafungwa na wa Maskati unafunguka.

Ushahidi wa pili uko kwenye pete ya fedha iliyofungwa baina ya kasiba na mti. Mafundi wa Omani walipenda kuzivisha bunduki pete za fedha. Ndani ya pete hiyo, upande uliogusa chuma, tulipoitelezesha kwa uangalifu, tuliona mwaka umechorwa: 1326 wa Hijra, yaani baina ya Februari 1908 na Januari 1909. Wakati huo babu wa babu yetu alikuwa Unguja, ana shamba la mikarafuu na watoto wadogo. Aliyekuwa Omani, katika Sharqiya, ni ndugu yake.

Kasiba inavyosomeka

Hapo ndipo kasiba ilipoingia katika mazungumzo. Kasiba hulika kwa njia tatu, na kila njia huacha alama yake mahali pake.

Ya kwanza ni kulika kwa kupigwa. Moto na gesi ya baruti huanza kula pale mifuo inapoanzia, karibu na chumba cha kiasi. Bunduki iliyopigwa maelfu ya risasi huwa mifuo yake imefutika hapo. Waingereza wenyewe walijifunza hilo kwa gharama: mifuo ya Lee-Metford ilikuwa ya kina kidogo na ya mviringo, iliyofaa baruti nyeusi, walipoingiza kodaiti, yenye moto mkali zaidi, mifuo ikaliwa upesi, na mwaka 1895 wakaingiza kasiba zenye mifuo ya kina zaidi iliyobuniwa Enfield.

Ya pili ni kulika kwa kusafishwa. Bunduki ya Martini haipitishi fimbo iliyonyooka kutoka nyuma, kwani chuma cha kufunga kiko njiani. Mdeki hutiwa kwa mdomo wa mbele. Askari akisugua kila siku kwa miaka, akiegemeza fimbo upande mmoja, mdomo wa kasiba hupanuka na kupinda upande ule.

Ya tatu ni kutu. Baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi zinazovuta unyevu wa hewa. Yasipooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa siku ileile, kesho asubuhi kutu imeanza, na huacha vishimo vidogo kama ndui. Pwani zetu, za Afrika na za Ghuba, hazimsamehe mvivu wa kuosha.

Tulipitisha polepole ndani ya kasiba kipande cha madini laini ya risasi, kikachukua chapa ya mifuo, tukakipima. Kisha tukaingiza kamera nyembamba. Mwanzo wa mifuo, karibu na chumba, kingo zake zimebaki kali. Mdomo wa mbele umelika sana: kwa urefu wa vidole vinne mifuo karibu haionekani, na upande wa chini umepanuka kuliko wa juu. Vishimo vya kutu vimejaa karibu na chumba na kupungua kila unapokwenda mbele.

Kwa maneno mengine, kasiba hii ilisafishwa mara nyingi sana na ilipigwa risasi mara chache kuliko tulivyosimuliwa. Kusafishwa kwingi ni alama ya maisha yake ya kwanza, mikononi mwa askari wa kambini. Vishimo karibu na chumba vinaelekea kuwa vya maisha yake ya pili. Jamaa zetu wa Sharqiya walitukumbusha jambo ambalo sisi wa mjini tulilisahau: bunduki hizi zilipigwa katika razha, katika arusi na idi, baruti tupu bila risasi, usiku mmoja mara kumi au ishirini. Watu wakala, wakaimba, wakalala, na bunduki ikalala chafu. Baruti tupu haifuti mifuo, lakini masizi yake hubaki palepale inapoungua. Sehemu kubwa ya uharibifu tuliotaka kuuondoa yaelekea kuwa ni mabaki ya furaha za watu.

Hakuna katika haya linalothibitisha kila kitu. Chuma hakitaji majina. Lakini mwaka wa kiwanda, alama ya mauzo, mwaka wa pete na hali ya kasiba vinakwenda upande mmoja, na hadithi yetu inakwenda upande mwingine. Tukawauliza tena wazee, safari hii swali likiwa jingine: si nani aliishika, bali nani aliileta. Hapo bibi mmoja, aliyekuwa msichana mwaka 1964, akasema kwamba walitoka Unguja na nguo walizovaa na kifurushi kimoja. Hakuna bunduki iliyotoka. Nani angepita bandarini na bunduki mwezi ule? Bunduki waliipata baadaye, miaka ya 1970, walipokwenda kuwazuru jamaa wa Omani. Mzee wa upande ule aliwapa, akasema: "Hii ni ya ndugu wa babu yenu. Nyinyi mmepoteza kila kitu, chukueni hiki kiwe cha nyumba." Kikaja Qatar kwa kibali.

Baada ya hapo hadithi ilibadilika yenyewe. Nyumba iliyopoteza shamba, nyaraka na makaburi ilihitaji kitu kimoja kilichotoka Unguja, na bunduki ikapewa kazi hiyo. Hatumlaumu aliyeanza kusimulia hivyo. Lakini kwa miaka hamsini tulikuwa tumemfuta ndugu aliyebaki, na ukarimu wa watoto wake.

Kufanya upya na kuhifadhi

Je, kutia kasiba mpya ni kosa siku zote? Historia haisemi hivyo. Bunduki za zamani ziliishi kwa kubadilishwa. Mabunduki mengi ya mrao ya Omani yana kasiba zilizofuliwa Uajemi au nchi za Uthmania, zikatiwa mti mpya na fedha mpya kwa mafundi wa Omani. Kasiba huenda ikawa na umri mkubwa kuliko kila kitu kilichoizunguka. Bunduki ya Snider ya Waingereza, ya mwaka 1866, ilianza kwa kuchukua bunduki za kushindilia na kuzikata nyuma ili zitiwe viasi. Martini zenyewe, maelfu yake, zilirudishwa viwandani zikatiwa kasiba nyembamba za viasi vya Lee-Metford. Matengenezo hayo ni sehemu ya historia ya silaha, kwani yalifanywa na watu waliozihitaji kwa kazi, na alama zake zinasomeka.

Shauri letu lilikuwa jingine. Hatuna haja ya kuipiga bunduki hii, na bunduki ya miaka zaidi ya 140 haifai kupigwa na mtu yeyote. Kuipekecha kungeondoa mdomo uliolika, vishimo, na kingo zilizobaki kali, yaani vyote vitatu vilivyotuambia jambo. Kuisugua nje kungepunguza taji, mwaka na mishale miwili. Tungebaki na bunduki nzuri inayokubaliana na hadithi yoyote.

Vijana wetu walikuwa na hoja ambayo hatukuidharau: kitu kilichofungiwa kabatini hakifundishi mtu. Tukapatana. Kasiba haikuguswa kwa kekee wala kwa msasa. Kwanza tulihakikisha bunduki ni tupu, kwa kupima kina cha kasiba kwa kijiti na kukilinganisha na urefu wake kwa nje. Bunduki za zamani hukutwa na baruti ndani mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tulipiga picha alama zote, kutoka pembe zote. Kisha mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale akaisafisha kwa brashi laini ya shaba na mafuta mepesi, akiondoa kutu nyekundu inayoendelea kula na kuacha ile ya kahawia iliyotulia, ambayo sasa ni ngozi ya chuma. Mwisho ikapakwa nta ya aina inayotumiwa na makumbusho, isiyovuta maji. Haikai tena ndani ya mfuko wake wa ngozi, maana ngozi huhifadhi unyevu na asidi yake hula chuma. Haikai pia karibu na kiyoyozi, kwani Doha ya Agosti kitu kilichopoa kikitolewa nje hutoka jasho papo hapo. Chuma kinataka ukavu na mti hautaki ukavu mwingi. Unyevu wa asilimia 45 hadi 50 unawafaa wote wawili.

Na vijana wamepata walichotaka kwa njia nyingine. Arusi iliyofuata bunduki ilitoka, ikashikwa kwa glavu za pamba, na mmoja wao akasimama kusimulia habari yake: Enfield, Maskati, Sharqiya, Muaither. Alilitaja jina la ndugu aliyebaki.

Kwa familia nyingine

Kwa mwenye kitu kama hiki nyumbani tunatoa nasaha chache. Sheria itangulie: Qatar ina sheria yake ya silaha ya mwaka 1999, Omani ina yake, na nchi za Ulaya zina zake, bunduki ya kale isifichwe kwa kudhani kuwa umri unaihalalisha. Kisha iandikwe kabla ya kuguswa: urefu, upana wa mdomo, kila herufi na kila alama, pete na maandishi yake, hata ya upande wa ndani. Na hadithi iandikwe pia, kama inavyosimuliwa, na jina la anayesimulia na aliyemsikia. Hadithi isiyolingana na chuma isitupwe. Yetu haikusema kweli kuhusu bunduki, lakini ilisema kweli kuhusu watu waliofika ufukweni bila kitu.

Fundi asiitwe adui. Ajuaye kupekecha kasiba ana elimu inayopotea, na zipo bunduki zisizo na alama wala habari ambazo mkono wake utazifaa. Ila aitwe baada ya kusoma. Kasiba yetu imebaki na mdomo wake uliopanuka na vishimo vyake. Pembeni mwake sasa kuna daftari, na katika ukurasa wa kwanza yameandikwa majina ya ndugu wawili, wa Unguja na wa Sharqiya, kwa mkono wa bibi aliyetuambia kwamba hakuna bunduki iliyotoka.